Joto Litashuka Katavi

Baridi ya mwaka ule siilaumu. Baridi haina akili, haina ofisi, na hakuna mtu aliyeisomesha. Ilikuja mwezi wa tano ukiwa bado mchanga. Kwetu tunaitegemea kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameshaingia ndani na mtu ana nafasi ya kukaa akaota moto. Safari hii mahindi yalikuwa yamesimama shambani, mengine mabichi kwa ndani. Redio ilisema baadaye kwamba tangu waanze kupima huku kwetu, mwezi ule haujawahi kufika chini namna ile. Mimi sikuhitaji kipimo. Nilikuwa na mjukuu ambaye ungeweza kumtia kwenye kofia.

Ninaowalaumu ni watu. Majina siyataji, kwa sababu wengine tunasali kanisa moja na mmoja nalala naye kitanda kimoja. Ila wakisomewa hapa watajijua.

Wa kwanza ni mwanangu. Alioa Msukuma, binti mwenye adabu, akamleta nyumbani kwangu. Kijiji chetu kiko mwendo wa bodaboda kutoka Mpanda mjini. Alipoona tumbo limeanza kuonekana, yeye akaenda Kasekese kukodi shamba. Alisema anamtafutia mtoto maisha. Simu yake tangu siku hiyo ikawa ya mtu asiyepatikana.

Wa pili ni mke wangu. Yeye alikuwa Kasansa, kaka yake alikuwa anavuna mpunga akamwomba akawapikie vibarua kwa wiki moja. Wiki ya Kasansa nimeijua sasa. Ina siku hamsini na mbili.

Kwa hiyo binti alipojifungua kabla ya wakati, miezi miwili kabla, aliyeitwa hospitali mjini ni mimi. Nesi akaniambia tumepata njiti. Nikafikiri anataka kiberiti. Shule niliishia darasa la nne, maneno mengine yananipita. Lakini aliponionyesha nikaona mwenyewe: mguu wa mtoto ulikuwa na unene wa kidole changu gumba, na ngozi ilikuwa kubwa kuliko mwenye ngozi. Mtoto wa kike.

"Huyu alikuwa hajamaliza tumboni," nesi akasema. "Sasa kifua cha mama yake ndo tumbo. Ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kofia kichwani. Mkimlaza peke yake akapoa, anasahau kupumua."

"Mtu anasahauje kupumua?"

"Wewe umezoea, babu. Yeye hajazoea."

"Akisahau?"

"Mnamsugua mgongo na nyayo mpaka akumbuke. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kuwe na baridi vipi. Linaua watu wazima, sembuse huyu."

Wiki kadhaa baadaye waliruhusiwa wakarudi nyumbani, mama na mtoto, wamefungwa pamoja na kitenge kama mzigo mmoja.

Sasa hapa lazima niseme jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Akileta maji ya kunawa, anayaweka chini, anarudi nyuma, ndipo mimi nachukua. Chumbani kwake siingii hata nyumba ikiungua, nitaita watu. Na kwao Usukumani ndo kabisa, akiniona njiani anaingia porini mpaka nipite. Alikuwa kwangu mwaka mzima na uso wake nilikuwa sijawahi kuuona sawasawa. Ningeambiwa nimtambue kwenye kundi la wanawake, ningeomba wageuke nione visigino.

Mtu wa tatu ni mwenye spika. Ana pikipiki, ana spika kubwa kaifunga mbele, anatangaza misiba na mikutano ya injili, na katikati ya matangazo anauza dawa ya panya ambayo panya wa kijijini kwetu wameizoea, wengine wamenenepa nayo. Siku moja alipewa karatasi akaisome. Karatasi ilikuwa imeandikwa vizuri, niliiona baadaye: wananchi mnataarifiwa kuwa joto linatarajiwa kushuka katika mkoa wa Katavi kuanzia kesho kutwa, chukueni tahadhari. Lakini yule bwana ana sauti moja tu, ya kuuzia dawa. Akapita nayo kijiji kizima.

"Joto linashuka Katavi. Ndugu mwananchi, kesho kutwa, joto linashuka Katavi. Chukua tahadhari. Na kama una panya, nipo."

Tulikuwa mashineni tunasubiri kusaga. Kila mtu akaweka chini debe lake.

"Linatoka wapi mpaka lishukie kwetu?" mmoja akauliza.

"Tabora," mwenye mashine akajibu. "Kule limejaa."

"Linakuja na basi au na treni?"

"Basi. Ingekuwa treni angesema wiki ijayo."

Jirani yangu alikuwepo, mjane anayeuza vitumbua. Mimi ananiita shemeji kwa sababu mke wangu anamwita dada. Alikuwa na kikohozi kisichoisha, akakohoa kwanza ndipo akasema, "Nyie, joto likishuka si ndo baridi yenyewe? Mbona bei ya mahindi ikishuka hatufurahi?"

"Bei inashuka chini," mwenye mashine akamwambia. "Hili linashuka Katavi. Sikiliza lugha, dada."

Tukamcheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika bega la mtu. Kama kuna orodha ya waliokosa, hapo niandikwe na mimi, tena kwa kalamu ya wino.

Nilirudi nyumbani nawaza. Joto la kawaida la Mpanda tunalijua. Hili la kutangazwa kwa spika litakuwaje? Na mle chumbani kuna watu wawili wamegandishwa ngozi kwa ngozi, chumba hakina dirisha, kina tundu moja juu la kupitisha panya. Nikaona watachemka. Nikachukua sururu nikazunguka nyuma ya nyumba, upande wa nje, ili nisivunje heshima.

"Mama," nikamwita kupitia ukutani, maana mke wa mwanangu namwita mama, "sogea upande wa mlangoni, natoboa dirisha."

Akauliza, "La nini, baba?"

"Joto linashuka."

"Haya, baba."

Hiyo ndo shida ya adabu. Mtu mwenye adabu pungufu kidogo angeniuliza swali la pili.

Wa nne basi ni fundi aliyejenga nyumba ile. Aliniapia kwamba tofali zimechomwa mpaka ukizigonga zinalia. Nilitaka tundu la ukubwa wa sinia. Pigo la kwanza likatoa tofali moja, la pili likatoa sita, tope tupu, na nilipomaliza kushangaa nilikuwa na dirisha ambalo mbuzi mwenye mimba angepita bila kujikuna. Nikasema si neno, hewa haizidi. Nikaweka sururu mahali pake nikanawa. Nilijiona mtu aliyechukua tahadhari.

Siku ya kushuka joto ilifika ikapita bila kitu. Jioni upepo ukageuka. Kesho yake asubuhi niliamka nikadhani nimelala nje.

Baridi ile ilikuwa kavu, inashika mfupa moja kwa moja bila kupitia kwenye nyama. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanafuka puani kama vyungu. Kuku hawakutoka bandani, na jogoo aliwika mara moja akaona inatosha. Mawese yaliganda kwenye chupa mpaka ikabidi tuyakate kwa kisu kama sabuni. Waendesha bodaboda walivaa soksi mikononi. Bwana mmoja alikuja kisimani na koti lake la ndoa, ua bado liko kifuani, na mchunga ng'ombe mmoja alivaa gunia la mbolea lililoandikwa mgongoni kilo hamsini, na kwa kweli hakuzidi hapo. Mpaka mchana jua lilikuwa linawaka na halifanyi kazi yoyote.

Niliziba dirisha kwa viroba. Upepo ukavisukuma ndani. Nikaongeza kipande cha godoro langu, nacho kikaanguka, maana lile tundu halikuwa na kingo, kila ukikandamiza kitu tofali nyingine inatoka. Fundi nilimtumia mtu. Alijibu kwamba kwa baridi hii tope halishiki.

Siku ya pili ya baridi, asubuhi, jirani wa vitumbua alikuja kuwajulia hali. Aliingia kwa mkwe wangu kajifunga kanga mdomoni, akatoka haraka.

"Shemeji, mkweo ana homa. Malaria hii. Anatetemeka mpaka kitanda kinatembea. Mtoto yuko kifuani kama yuko juu ya mashine ya kusaga."

"Mpeleke zahanati."

"Nampeleka, bodaboda nimeshamwita. Na mtoto?"

"Mbebe wewe."

"Mimi nakohoa wiki ya ngapi hii? Nesi alinikataza hata kumchungulia. Na ukimpandisha bodaboda na upepo huu, hatafika."

Nilianza kuona anakoelekea.

"Wewe una kifua?" akaniuliza.

"Kila mtu ana kifua."

"Basi vua shati."

"Dada, yule ni mkwe wangu. Nitampokeaje mtoto kutoka mwilini mwake na mimi niko wazi?"

"Sijakwambia umwoe. Nimekwambia vua shati."

Nikakaa sebuleni kwenye kigoda, nikageukia ukutani, nikafungua shati, nikajifunika blanketi mabegani. Kati ya sebule na chumba cha mkwe kuna pazia tu. Nilisikia meno yake kutoka upande wa pili.

"Baba, samahani," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kukusumbua."

"Kaa kimya mama, utajing'ata ulimi."

Jirani akashika pumzi, akaingia, akatoka, hatua nne, akamweka mtoto kifuani kwangu kama alivyofundishwa, tumbo kwa tumbo, miguu imekunjwa kama ya chura, sikio moja upande wa moyo. Akatufunga na kitenge, akazungusha mara mbili. Akageuka pembeni ndipo akapumua na kukohoa. Maziwa mkwe wangu alikuwa ameshayakamua kwenye kikombe cha chai, kimewekwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Nikaambiwa nimpe kwa kijiko, kidogo kidogo, nisimharakishe. Kisha wakaondoka watatu kwenye pikipiki moja, mgonjwa katikati.

Nikabaki na yule mtu.

Alikuwa wa baridi. Si baridi ya maji, ni ile ya mjusi, kwamba hana joto lake mwenyewe, anangoja la kwako. Nilikuwa sijawahi kumshika. Nikasema naye, maana hakuna mtu aliyekuwa anasikia. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, ndo utani wetu, hakuna wa kukukataza. Angalia mila ilivyo: mama yake siwezi kupokea kijiko mkononi mwake, yeye naruhusiwa kumwita mke wangu.

"Mke wangu," nikamwambia, "nimevuliwa shati kwa ajili yako. Usiniaibishe."

Akanikojolea. Ule mkojo ulikuwa wa moto, nikaona dalili nzuri.

Lakini upepo ulikuwa unaingia dirishani, dirisha langu, unalijaza pazia kama tumbo, unanipiga shingoni. Nikahamisha kigoda pembe hii, ukanifuata. Nikahama tena. Chumbani kwangu kulikuwa na tofali za fundi yule yule na ufa wa mkono mzima. Nikajikunja juu ya mtoto nikaufanya mgongo wangu ukuta.

Hapa kijijini wananiita manusura. Nilikuwa machimboni zamani, kwenye dhahabu, na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alipunguza matimba, yale magogo ya kushikilia shimo, ili awahi kuchimba. Shimo likaanguka tukiwa ndani wawili. Tulilala kule chini siku nzima na usiku wake, mwenzangu mguu wake umeegemea ubavu wangu, hatuonani. Tulizungumza, tukachoka. Baadaye mguu ukawa wa baridi. Nilijua kabla sijamwita. Tangu hapo mtu akipoa karibu yangu nasikia mwilini, sihitaji kuambiwa. Mwenye duara alinunua lori. Bado analo.

Mawazo hayo ndo niliyokuwa nayo mtu alipopiga hodi. Alikuwa mwenye spika.

"Ingia upesi, funga mlango."

Akaingia. Ni mtu mnene, amevaa makoti mawili. "Mzee, nimetumwa kupitisha tangazo la marekebisho nyumba kwa nyumba. Spika imekufa kwa baridi. Umebeba nini humo?"

"Mjukuu."

"Yule njiti?"

"Yule uliyemtangazia joto."

Akavua kofia. "Mzee, mimi nilisoma kilichoandikwa. Nilisema litashuka. Si limeshuka? Kosa langu liko wapi?"

Nililitafuta kosa lake nikalikosa, na hapo ndo nikamchukia zaidi. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia niliposikia kifua changu kimebaki peke yake.

Sijui nielezeje. Muda wote ule kulikuwa na kitu kinapanda na kushuka juu yangu, kidogo sana, kama moyo wa ndege. Kikaacha.

"Amesahau," nikasema.

"Amesahau nini?"

"Kuna dirisha kule nyuma. Liko wazi. Nenda kazibe."

"Nizibe na nini?"

"Na chochote ulichonacho."

Akatoka mbio. Mimi nikaingiza mkono ndani ya kitenge nikamsugua mgongo. Ule mgongo wote ulienea chini ya vidole vitatu. Nikasugua nyayo kwa kidole gumba, huu na huu. Nikasema, mke wangu, pumua. Nikasema tena, kwa Kikonongo chetu, maana nilifikiri labda Kiswahili hajakijua. Mdomo wake nilivyouchungulia ulikuwa umebadilika rangi. Sebuleni pakawa giza ghafla na upepo ukakatika, nikajua tundu limezibwa. Nikaendelea kusugua. Nilisugua kama mtu anayefuta kitu kisichofutika. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumwambia mama yake, na kwamba ningemwambia nikiwa nyuma ya pazia, na kwamba hiyo ingekuwa afadhali kwa wote wawili, ndipo akashtuka, akanipiga teke la mbavu, akavuta hewa kwa sauti kama ya paka.

Akakaa kidogo, akavuta nyingine.

"Mzee," sauti ikatoka chumbani kwa mkwe wangu, nikaruka. "Amekumbuka?"

"Uko wapi wewe?"

"Dirishani. Nimekaa. Sikuona kitu cha kuzibia."

Alikuwa ameingiza makalio na mgongo ndani ya tundu, makoti yote mawili, akabana kabisa. Dirisha nililokata kwa kosa lilikuwa saizi yake.

"Amekumbuka," nikasema.

"Nitoke?"

"Ukitoka nakuua."

Hakutoka. Alikaa pale mpaka alasiri. Mgongo wake uliokuwa ndani ulipata nafuu, tumbo lililokuwa nje likaganda, akawa ananipa taarifa. Watu walipita njia ya nyuma wakamwona.

"Wewe, umekwama?"

"Nimezibishwa."

"Na nani?"

"Na mzee wa humu. Una panya kwako?"

Nilimsikia anauza pakiti mbili akiwa pale pale. Simsamehe, lakini naandika nilichosikia. Kila mara aliuliza, "Bado anakumbuka?" nami najibu, "Anakumbuka," na hayo ndo yalikuwa mazungumzo yetu. Maziwa nilimpa mtoto kijiko kwa kijiko. Alimeza polepole kama mzee anayeonja pombe asiyoiamini. Yakaisha. Akaanza kuzungusha kichwa kifuani kwangu anatafuta, akapata nywele tu, akalia kwa unyonge.

Pikipiki ikaja. Nikasikia hatua za mkwe wangu, akaingia akasimama mlangoni, kichwa kimefunikwa, kageukia upande mwingine. Nikajivuta blanketi.

"Baba, nimerudi."

"Unajionaje?"

"Wamenichoma sindano, wamenipa na dawa. Homa imeshuka."

Sikumuuliza imeshukia wapi. "Jirani yuko wapi?"

"Wamembakiza. Wanampima makohozi."

Tukafanya hesabu ile ile wote wawili. Mtoto alikuwa anataka maziwa, maziwa yako kule mlangoni, mtoto yuko huku ukutani, na katikati hakuna mtu. Wa kumpokea kwangu akampa mama yake hayupo.

"Nije nimpokee mimi?" mwenye spika akauliza kutoka chumbani. Mkwe wangu akaruka kama mimi nilivyoruka.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Mama, usiogope. Huyo ni dirisha."

Binti akafanya alivyofundishwa na mama yake. Akatandika kanga chini katikati ya sebule, akarudi nyuma hatua tatu, akainama, akangoja niweke. Sakafu ni ya saruji. Ilikuwa baridi mpaka nilikuwa naisikia kupitia kwenye ndala. Niliitazama ile kanga. Ilikuwa na maandishi, sikuyasoma. Nikaanza kufungua kitenge. Mikono haikutaka.

"Baba," akasema, sauti ndogo. "Nesi alisema asiwekwe chini."

"Najua."

"Basi usimweke."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ananipinga. Nilikuwa namngoja mtu aseme hivyo tangu alipotandika, ila nilitaka awe mtu mwingine, si mimi. Akaiokota kanga yake. Akaja. Ndipo nikamwona uso: ana kovu dogo juu ya nyusi, na ni mtoto tu, mtu wa kutumwa dukani. Macho yalikuwa mekundu ya homa. Akapiga magoti mbele yangu, akaingiza mikono yote miwili ndani ya blanketi langu, na mikono ilikuwa bado ya moto. Nilifumba macho kwa heshima. Yeye sijui. Nilisikia vidole vyake vinapita kati ya ngozi yangu na ya mtoto, polepole, kama mtu anayebandua chapati bila kuitoboa. Nilipofumbua macho alikuwa ameshanigeuzia mgongo, anamfunga, na kifua changu kimekuwa baridi.

"Asante, baba."

"Mnyonyeshe."

Baridi ile ilikaa siku nyingine tisa. Homa yake ilirudi mara mbili, na kila ilipomshika akaja sebuleni mwenyewe, bila kuita mtu, akapiga magoti, tukapeana. Mwanzoni nilifumba macho. Baadaye niliona ni hatari, ningeweza kumwangusha, nikaacha. Tundu tulilijaza kwa mabua na udongo. Mwenye spika aliomba kuachiwa aende zake, akaachiwa.

Mke wangu alirudi kutoka Kasansa na gunia la mpunga na habari za shemeji zake wote. Akatukuta sebuleni, mkwe wangu anatoa mtoto ndani ya shati langu. Akaweka gunia chini.

"Nyie mmeanza lini kupeana vitu mkononi?"

"Tangu joto lishuke," nikamjibu.

Alikaa siku mbili hasemi nami. Nilimwacha, nilikuwa na kazi. Kaka yangu mkubwa naye alipata habari, akaja kusema wazee lazima wakae, mwiko umevunjwa, na baridi yenyewe labda ndo inatokana na mambo kama hayo. Nikamwambia waje, ila waje bila mashati, zamu zipo. Hawakuja. Mwanangu alipiga simu mwezi wa saba akasema alikuwa hana chaji.

Mwisho wa mwezi huo tulikwenda mjini kumpima mtoto. Mkwe wangu aliingia, mimi nikabaki nje kwenye benchi, vifungo vitatu vya juu wazi, kama nilivyozoea. Nikamsikia mtoto analia walipomweka kwenye mizani. Alilia vizuri, mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka. Binti akatoka, akanipita, hakunitazama, amefunika kichwa, amembeba mgongoni kama wanavyobebwa watoto wa watu. Akasimama hatua kadhaa mbele, kanipa kisogo.

"Nesi amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema sasa anaweza kulala kitandani peke yake. Afunikwe tu."

"Kifua hahitaji tena?"

"Amesema ametosha, baba."

Nikafunga vifungo.